Tunakufa Maji Tukiuona Ufukwe

Ajali haina kinga! Nimechoka kuusikia msemo huu kila maiti zinapopangwa ufukweni. Nani kakudanganya?

Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kivuko cha abiria 101. Tulizika watu 228. Miaka 24 kabla yake, Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kule Mombasa kiliua watu 272, karibu kabisa na nchi kavu. Walikufa maji wakiuona ufukwe!

Tukalia. Tukaunda tume. Tukalala.

Kujaza watu kupita kiasi kunaua, tunajua, na tumepiga kelele hadi sauti zimekauka. Lakini chombo kikishapinduka, kelele hazimwokoi mtu. Kinachomwokoa ni alichofundishwa.

Baharia wa meli za kimataifa hapewi kazi kabla hajafunzwa kujiokoa: kuvaa jaketi okozi, kuruka majini, kuelea bila kujichosha. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, wa 1978 unalazimisha, na Chuo cha Bahari Dar es Salaam kinafundisha. Vizuri sana. Na mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku? Na mama anayevuka na mwanawe mgongoni kwenda kliniki? Hao nani kawafunza?

Majuzi nilipanda boti ya abiria. Majaketi yalikuwepo, naam: yamefungwa furushi kwa kamba ya katani chini ya paa, fundo limekaza kama limepigwa misumari, mikanda mingine imekatika. Nikauliza, ya watoto yako wapi? Kijana wa boti akanijibu, "Mzee, tunafika sasa hivi." Abiria wakacheka.

Wakacheka! Nawe ungekuwemo ungecheka. Maji yakiingia, nani atalifungua fundo lile gizani? Jaketi la mtu mzima humchopoka mtoto, unalijua hilo? Umewahi hata kulivaa?

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa kisiwani anamaliza shule hajui kuelea chali, na maji yako hatua chache tu kutoka darasani kwake. Serikali, wekeni somo hilo shuleni. Wenye vyombo, onyesheni abiria namna ya kuvaa jaketi kabla ya kila safari.

Nawe msomaji, amka. Usikubali boti iondoke gatini hujavaa jaketi na kufunga mikanda yake. Nahodha akikataa kukupa, shuka.