Kufanyia kazi ya serikali kwa keja: Sasa Garissa, nyumbani ni wapi?

Kuna kitu kila mfanyakazi wa serikali anajua, hata kama hakiandikwi kwa barua yoyote. Ukimkosea mkubwa wako Nairobi, usishangae ukipewa uhamisho wa Mandera. Kwa miaka mingi North Eastern imechukuliwa kama mahali pa adhabu: unaenda, unahesabu siku, unatafuta mtu wa kukutoa. Na wasee wa huko wanajua. Ndiyo maana mtu akipanda basi ya Nairobi bado utasikia wazee wakisema anaenda "Kenya".

Sasa weka hapo stori ya kufanyia kazi nyumbani. Kwa mtu wa Nairobi ni rahisi kuielewa: hakuna jam ya Thika Road, hakuna nauli mbili kwa siku, mtoi unamwona akiwa macho. Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha Corona kutangazwa, Rais Uhuru Kenyatta aliambia ofisi za serikali na kampuni ziwaache watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Tangu hapo huu mjadala haujawahi kuisha. Lakini ukivuka daraja la Tana, swali la kwanza si kama Wi-Fi iko. Ni hili: nyumbani ni wapi?

Juu maofisa wengi wanaotumwa huko na serikali kuu kwao ni Kitui, Meru, Kisii, Murang'a. Ukimwambia mmoja wao afanyie kazi nyumbani, hujamtoa ofisini tu, umemtoa kwa kaunti. Kesho yuko Ruaka na laptop, dawati lake Garissa linakusanya vumbi, na mama aliyetoka Hulugho na karatasi zake anaambiwa na askari wa geti arudi wiki ijayo. Hulugho si hapo Ngara, wasee. Ni karibu na mpaka wa Somalia.

Tusijifanye pia hakuna sababu ya mtu kutaka kuwa mbali. Novemba 22, 2014, Al-Shabaab walisimamisha basi iliyotoka Mandera, wakaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda kwao likizo. Aprili 2, 2015 ikawa Garissa University, watu 148. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na TSC ikaanza kuhamisha walimu ambao si wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Mtu akiona hizo tarehe halafu aombe kufanya kazi akiwa mbali, usimwite mvivu.

Lakini cheki kilichofuata. Shule zilibaki bila walimu, zingine zikafungwa kabisa. Miezi miwili baadaye Corona ikafunga shule zote Kenya, na watoi wakaambiwa wasome kupitia redio, TV na mtandao. Mtoi wa Nairobi alilia bando zimeisha. Mtoi wa mashinani Mandera anaishi mahali minara ya simu imelipuliwa na Al-Shabaab mara kadhaa, na hiyo ikianguka hata kupiga simu ni noma, sembuse darasa la video. Kuna kazi ambazo haziingii kwa laptop, na North Eastern ndiko zinakohitajika zaidi: mwalimu, nesi, mkunga, chifu, afisa wa maji wakati wa ukame.

Na mtu wa vitambulisho. Hapa ndipo vijana wa kule wanaelewa haraka kuliko sisi. Hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotia sahihi akiwa kwa ziara huko, kijana wa Garissa alikuwa anapitia msasa wa ziada ndio apate ID, kitu ambacho kijana wa Nyeri hajawahi kuulizwa. Msasa umeondolewa, sawa, lakini alama za vidole bado huwezi kutuma kwa WhatsApp. Ofisa asipokuwa kwa dawati, hakuna ID. Bila ID hakuna laini yako ya simu, hakuna M-Pesa, hakuna HELB, na basi ikisimamishwa kwa kizuizi cha polisi pale Tana, wewe ndiye unashuka.

Utaniambia eCitizen. Ni kweli, Juni 30, 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 mtandaoni, na mwezi uliofuata wadukuzi wakaiangusha, watu wakakwama nchi nzima. Hata ikiwa sawa, mzee wa Dadaab asiyesoma anaenda saiba, analipa kijana amjazie fomu. Ofisa akihamia mtandaoni, gharama ya kumfikia inahamia kwa mwananchi, na hiyo haionekani kwa ripoti yoyote.

Kuna pia doo ya mji. Ofisa aliye Garissa anapanga nyumba, anakula hoteli, anapanda bajaji, ananunua nyama na maziwa Soko Mugdi. Akienda, mshahara wake unakula Ruaka. Halafu kuna marupurupu ya mazingira magumu. Mwaka wa 2025 serikali ilipoongea kuhusu kupunguza maeneo yanayolipwa hayo marupurupu, vyama vya walimu vilikataa kabisa, na nawaelewa. Lakini mtu akikaa Kiambu huku analipwa ugumu wa Garissa, hapo ni kucheza na akili zetu.

So tufunge hii stori? Hapana. Mimi naona tumeishika kwa mkia. Kama kazi fulani inaweza kufanywa na mtu wa Garissa akiwa Ruaka, basi kazi ya makao makuu Nairobi inaweza kufanywa na mtu akiwa Bula Iftin. Kujibu barua pepe za wizara, kuingiza data, kukagua hesabu, kuandika programu, kushughulikia simu za malalamishi: hizo kazi zimekaa Nairobi kwa mazoea tu. Mahakama zimeshaonyesha njia, tangu 2020 kesi nyingi zinasikizwa kwa video, na wakili halazimiki kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mandera kwa dakika kumi za kutajwa kwa kesi.

Fikiria dada aliyemaliza digrii pale Garissa University. Akipata kazi ya serikali Nairobi, kwanza atafute bedsitter, pili awashawishi wazazi wamruhusu akae peke yake mji asio na ndugu. Wengi huishia hapo pa pili. Katiba kwa kifungu cha 232 inataka utumishi wa umma uonyeshe jamii zote za Kenya. Kaunti hizi tatu zilikuwa na watu karibu milioni 2.5 kwa sensa ya 2019.

Nyumbani kwenyewe kuna shida zake, sikatai. Stima ya Garissa hupotea licha ya kuwa na mtambo wa sola wa megawati 50 hapo nje ya mji, na Wajir na Mandera bado wanategemea mitambo ya dizeli. Joto la mchana linapita nyuzi 35. Na nyumba ya Kisomali haikosi mgeni, sasa mweleze shangazi aliyetoka Modogashe kwamba uko kwa mkutano. Kwa hivyo isiwe lazima sebuleni. Faiba ya serikali, ile NOFBI, inafika makao makuu ya kaunti. Vyumba viwili vyenye meza, jenereta na feni karibu na Huduma Centre vinatosha kuanza.

Hatari ninayoiona ni ya kupandishwa cheo, asiyekuwepo na lake halipo. Bosi atamkumbuka yule anayekunywa naye chai Harambee House. Hiyo itahitaji sheria, si ahadi.

Kwa sasa matangazo mengi ya kazi za wizara bado yanasema kituo cha kazi ni Nairobi. PSC ikiruhusu mstari huo usomeke "Nairobi au Garissa", yule dada atakaa kwa matha yake Bula Iftin, na ile kodi ya bedsitter ya Pipeline itaishia Soko Mugdi.