Kinkina ya Kivu: ganda ni letu, kiyeyusho kinatoka mbali

Kwa wakaaji wa Bukavu na vijiji vya jirani, kinkina si mti mugeni. Unalimwa mu milima ya Kivu tangu miaka ya 1930, na ganda lake njo linaleta kinini, dawa ya malaria. Lakini wasikilizaji wengi wanatuuliza: kinini inatokaka namna gani mu ganda?

Ganda linakaushwa, linasagwa, linachanganywa na chokaa na maji ili kinini iachiliwe. Kisha kunatiwa kiyeyusho, ni kusema kitu cha majimaji chenye kubeba kinini na kuacha makapi. Mara nyingi viwanda vinatumia tolueni ao mafuta mengine ya petroli. Mwishoni, maji yenye asidi kidogo yanakamata kinini, nayo inabaki kama chumvi nyeupe.

Tolueni iko na hatari zake. Inashika moto mbio, na mvuke wake unaumiza kichwa na ubongo wa mfanyakazi. Ndiyo sababu sheria za dawa za kimataifa zinakubali miligrama 890 tu za tolueni mu kilo moja ya dawa, lakini alkoli ya kawaida inakubaliwa mpaka 5.000. Tena tolueni inanunuliwa inje, kwa dola.

Wataalamu wa kemia sasa wanatafuta viyeyusho vya asili: alkoli ya miwa, mafuta ya mimea, limonene ya maganda ya machungwa. Mwaka 2011 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kama hata sukari na asidi za matunda, zikichanganywa vizuri, zinakuwa majimaji yenye kuyeyusha vitu vya mimea.

Kwa kinkina, alkoli si jambo jipya. Wafaransa Pelletier na Caventou waliitumia walipotoa kinini mara ya kwanza, mwaka 1820. Shida ni kwamba alkoli inabeba kila kitu, hata rangi na uchungu mwingine wa ganda, na kazi ya kusafisha inakuwa ndefu. Majimaji ya sukari nayo ni mazito na hayakauki, kwa hiyo kutoa kinini ndani yake ni kazi ingine.

Kivu iko na miwa. Lakini tuelewane: kanyanga ya mtaani haifai. Inaweza kuwa na metanoli, yenye kupofusha macho na kuua. Inaomba mtambo wa kweli, umeme wa kudumu na labo ya kupima.

Juu gani tunasema haya leo? Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linaweka artesunate mbele ya kinini kwa malaria kali. Soko la kinini halina nguvu kama zamani, na mlimaji anayeuza ganda mbichi njo anapigwa wa kwanza. Kinini safi, yenye kutengenezwa bila sumu, inaweza kupata mnunuzi. Kinkina inaomba miaka mingi mbele ya kuvunwa: mwenye kuing'oa leo hataipata tena kesho. Kwa hiyo swali la kiyeyusho si la wakemia peke yao. Makoperative na wakubwa wa jimbo walichukue pia.