MAMBO YA KAZI: Likizo ya Uzazi si Hisani ya Mwajiri

Kisiwani Wasini, na ng'ambo yake Shimoni, kazi hufuata pepo. Wakati wa kaskazi wageni huja kwa wingi, mashua huwapeleka Kisite kutazama pomboo na matumbawe, na wapishi wa kaa hawapati nafasi ya kukaa kitako. Pepo za kusi zikianza kuvuma na mvua za masika zikishuka, bahari huchafuka, wageni hupungua, na wenye kazi huanza kupunguza watu. Hali ni hiyo hiyo katika hoteli za Diani. Hapo ndipo mama aliye mjamzito huambiwa, "Nenda kapumzike, tutakuita." Wala haitwi tena.

Wasomaji wapenzi, jambo hilo halimo mikononi mwa mwajiri peke yake. Sheria imekwisha lisema. Zamani, kwa Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 1976, mwanamke alipata likizo ya uzazi, ambayo wazee wetu waliiita livu, ya miezi 2 kwa mshahara kamili, lakini aliipoteza likizo yake ya mwaka huo. Sheria ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008, iliyabadili hayo. Sasa mama hupata miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo yake ya kila mwaka, isiyopungua siku 21 za kazi, haiguswi. Baba naye hupata majuma 2 kwa mshahara kamili. Tena mwaka 2021 iliongezwa haki ya mwezi 1 kwa mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto wa kuasili.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Sharti amwandikie mwajiri si chini ya siku 7 kabla ya kuondoka, ataje siku ya kuanza likizo, na akitakiwa cheti cha daktari au mkunga akitoe. Akirudi, hurudishiwa kazi yake ile ile, au nyingine imfaayo isiyo na masharti duni kuliko ya kwanza.

Wako wanaosema, "Hayo ni ya hoteli kubwa. Mimi nina mashua moja na vibarua wanne." Sivyo. Haki hii haikuwekewa kiwango cha idadi ya wafanyakazi. Asiyeguswa na sheria ni yule ambaye wafanyakazi wake wote ni watu wa nyumbani mwake anaowalisha. Na jina la kibarua halimsaidii mwajiri, kwani kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi 2 au zaidi huhesabiwa kuwa na haki za mfanyakazi wa kudumu, hata kama hulipwa kila jioni.

Kazi ikipungua kweli, iko njia ya halali ya kupunguza watu: taarifa ya mwezi 1 kwa maandishi, kwa mfanyakazi na kwa Afisa wa Kazi, pamoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Lakini mimba haihesabiwi kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi. Wala haifai kuajiri wanaume watupu ili kukwepa gharama. Sheria inakataza ubaguzi huo.

Hatusemi kwamba mzigo ni mwepesi. Nchini Kenya mshahara wa likizo ya uzazi hutoka mfukoni mwa mwajiri mwenyewe, na mtu wa mashua moja huuhisi. Dawa yake ni kujiwekea akiba mapema. Tuseme mpishi hulipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Miezi 3 ni shilingi 54,000. Mwajiri akiweka kando shilingi 1,500 kila mwezi, baada ya miaka 3 fedha hizo zimetimia, na kusi haitamkuta mikono mitupu.

Dawa ya pili ni kalamu. Mkataba wa miezi 3 au zaidi sharti uandikwe, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuuandikisha. Wakipelekana mbele ya sheria naye hana karatasi, ni juu yake kuyakanusha madai ya mfanyakazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki na apeleke malalamiko yake kwa Afisa wa Kazi ndani ya miezi 3. Yasipomalizika hapo, iko Mahakama ya Kazi, ambayo huketi Mombasa, nayo yaweza kumwamuru mwajiri alipe fidia hadi mshahara wa miezi 12. Basi mwenye mashua na apige hesabu: anayekimbia kulipa miezi 3 aweza kujikuta analipa mara nne.

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mama anayerudi jikoni baada ya miezi 3 huja na ujuzi wake wote. Anayewajua wageni, na kujua ni kaa yupi anayefaa kupikwa, si rahisi kumpata mwingine kaskazi ikirudi. Mwajiri anayemtunza hujitunzia kazi yake mwenyewe.