Kujifunga Mapema ni Nusu ya Subira
Wanasaikolojia wa tabia hupima subira kwa kuangalia uchaguzi unaofanywa wakati wa uamuzi unapowadia, na katika jambo hili njiwa wamewafunza mengi. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani, Howard Rachlin na Leonard Green, walichapisha jaribio ambamo njiwa wenye njaa walichagua ama kudonoa nafaka papo hapo kwa sekunde 2, ama kungoja sekunde 4 ili wadonoe kwa sekunde 4, na kila walipokabiliwa na machaguo hayo ana kwa ana walichukua kile kidogo kilichokuwa karibu. Hata hivyo, ilipowekwa hatua ya awali, yaani kitufe kimoja kilichoacha njia zote mbili wazi na kingine kilichomfunga njiwa kwenye malipo makubwa tu, kisha muda wa kungoja baada ya hatua hiyo ukarefushwa hadi kufikia sekunde 16, njiwa walielekea kuchagua kujifunga. Wataalamu hulieleza badiliko hilo kwa dhana ya kushuka kwa thamani kutokana na kuchelewa, ambayo maana yake ni kwamba malipo hupoteza thamani kadiri yanavyokawia, tena kwa kasi zaidi mwanzoni, hivyo kilicho kidogo huonekana kikubwa pale tu kinapokuwa jirani. Ndiyo maana kibubu kisichofunguka mpaka kivunjwe huwafaa wengi kuliko ahadi ya kujizuia: akiba hulindwa na uamuzi uliofanywa kabla tamaa haijafika.