Aliyebadili Bidhaa Abadili na Jina

Mapema mwaka 2020, watu wenye masanduku ya NAS nyumbani na kwenye ofisi ndogo, yale yanayobeba diski kadhaa kwa pamoja, walianza kulalamikia jambo moja. Diski moja imekufa, mwenye sanduku ananunua nyingine ya jina lilelile, WD Red, inayouzwa mahususi kwa kazi hiyo. Anaichomeka, mfumo unaanza kujenga upya data zilizopotea, kisha baada ya muda unaitoa diski mpya kundini na kuitangaza kuwa mbovu. Kumbe diski haikuwa mbovu hata kidogo. Western Digital ilikuwa imebadili namna ya kuandika data ndani ya baadhi ya diski hizo, zenye ukubwa wa terabaiti 2 hadi 6, na haikumwambia mnunuzi.

Mabadiliko yenyewe hayakuwa madogo. Diski ya mtindo wa CMR huandika data kwenye mistari iliyopangana, kila mstari na nafasi yake. Mtindo wa SMR huulaza mstari mmoja juu ya ukingo wa mwenzake, kama vigae vya paa. Faida ni kwamba data nyingi zaidi huingia kwenye sahani ileile, na gharama hushuka. Hasara hujitokeza unapotaka kubadilisha kigae cha katikati: lazima ufumue vinavyokilalia. Diski nayo, ili isahihishe kipande kidogo, husoma kanda nzima na kuiandika upya. Ili kazi hiyo isionekane, hutenga sehemu ya kupokelea data kwa muda, kisha huzipanga vizuri inapopata nafasi ya kupumua.

Anayehifadhi picha na nyaraka zake mara mojamoja hatagundua lolote. Lakini diski inapojengwa upya ndani ya kundi la RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, hakuna kupumua. Data humiminika kwa saa nyingi mfululizo, sehemu ya mapokezi hujaa, diski huchelewa kujibu, na mfumo huihesabu kuwa imekufa. Tovuti ya ServeTheHome ilipoipima diski ya terabaiti 4 ya aina hiyo kwenye mfumo wa kuhifadhi data wa ZFS, ilichukua zaidi ya siku 9 kukamilisha kazi ambayo diski za CMR ziliimaliza chini ya siku moja. Kwa mfumo unaovumilia kifo cha diski moja tu, siku hizo 9 ni siku za kukaa bila kinga: ikifa ya pili, hesabu za biashara, picha za familia na kazi za wateja vimekwenda vyote.

Kampuni ilijitetea kwamba diski hizo zililengwa kwa matumizi ya nyumbani na ofisi ndogo, kwa kiwango kisichozidi terabaiti 180 kwa mwaka, na kwamba mtumiaji wa aina hiyo huipa diski muda wa kutulia. Utetezi huo una ukweli ndani yake, ila unajibu swali ambalo halikuulizwa. Wateja hawakusema SMR ni teknolojia ya hovyo. Waliuliza kwa nini hawakuambiwa, na hasa kwa nini bidhaa iliyouzwa kwa ajili ya masanduku ya diski nyingi ibadilishwe kwa namna inayoliumiza sanduku la diski nyingi.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nisikubali kwamba huo ulikuwa usahaulifu tu. Habari ilipofichuliwa na chombo cha habari cha Blocks & Files mwezi Aprili mwaka huo, watengenezaji wote watatu wakubwa wa diski za sahani duniani, yaani Western Digital, Seagate na Toshiba, walijikuta wakikiri kwamba wana diski za SMR sokoni ambazo maelezo yake hayakusema hivyo. Ndani ya muda mfupi orodha zikatoka: hii ni SMR, hii ni CMR. Taarifa zilikuwepo tangu mwanzo, na kuzitoa hakukuhitaji utafiti wala gharama ya maana. Baadaye Western Digital ikazitenganisha bidhaa zake: WD Red ikabaki kwa SMR, na jina jipya la WD Red Plus likapewa zile za CMR. Kama majina mawili yaliwezekana baada ya kelele, yaliwezekana na kabla.

Ungedhani somo limeeleweka. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya diski za SSD, ambazo hazina sahani bali chipu za kumbukumbu na kidhibiti cha kuziongoza. Mwezi Agosti 2021, wachunguzi wa Expreview wa China waligundua kuwa WD Blue SN550 imewekewa chipu nyingine. Kasi ya kuandika baada ya akiba ya haraka, ile sehemu inayopokea data kwanza, kujaa ilishuka kutoka megabaiti 610 kwa sekunde hadi 390, jina likiwa lilelile. Mwezi huohuo tovuti ya Tom's Hardware ikaonyesha kwamba Crucial P2, iliyopimwa na kusifiwa ikiwa na chipu za TLC zinazohifadhi biti 3 katika kila seli, sasa inauzwa na chipu za QLC zenye biti 4, ambazo ni nafuu zaidi na nzito zaidi katika kuandika. Akiba ikijaa, toleo jipya lilishuka hadi kama megabaiti 40 kwa sekunde, ilhali la awali lilimudu takribani 450.

Tuitazame tofauti hiyo kazini. Mpiga video za harusi ana gigabaiti 100 za kuhamisha baada ya akiba ya diski kujaa. Kwa kasi ya megabaiti 450 anamaliza chini ya dakika 4. Kwa megabaiti 40 anasubiri zaidi ya dakika 40. Ameisoma tathmini, ameuliza kwa wenzake, amelipa pesa aliyoipanga, na bado ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Haki itendeke kwa watengenezaji pia. Chipu za kumbukumbu hubadilika kizazi hadi kizazi, na kiwanda hakiwezi kuendesha mtambo wa zamani milele kwa ajili ya bidhaa moja. Kampuni nyingi za SSD hazina viwanda vyao vya chipu, hununua kinachopatikana. Kipindi cha korona kilileta uhaba uliowabana wengi, na mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zilianza tena kupanda kwa kasi huku vituo vya data vya akili bandia vikizinunua kwa wingi. Tukidai kwamba kila diski ibaki na vipuri vilevile hadi mwisho wa uhai wake sokoni, tutalipia ugumu huo sisi wenyewe kwenye bei.

Isitoshe, si kila badiliko ni hasara tupu. Samsung ilipoweka kidhibiti kipya kwenye 970 EVO Plus mwaka 2021, akiba ya haraka iliongezeka kutoka kama gigabaiti 42 hadi 115, lakini baada ya akiba hiyo kujaa kasi ikashuka kutoka takribani megabaiti 1,500 hadi 800. Mwenye mafaili ya kawaida alipata nafuu. Mwenye kumimina mafaili makubwa alipunjwa. Nani aamue kama huo ni uboreshaji? Anayejua kazi ya diski ni mwenye kazi, na hawezi kuamua jambo asilolijua. Samsung angalau ilibadilisha boksi, namba ya bidhaa na karatasi ya maelezo, ingawa jina kubwa lilibaki palepale.

Kwa hiyo hoja za uhaba, bei na maendeleo ya teknolojia zinatetea kubadilisha vipuri. Hakuna hata moja inayotetea ukimya. Wala siri ya biashara haitoshi kuwa kisingizio, kwa sababu mshindani hununua diski hiyohiyo, akaifungua na kuzisoma chipu zake mchana kweupe. Anayebaki gizani ni mnunuzi peke yake.

Ukimya huu unaumiza zaidi kwa sababu ya namna tunavyonunua. Hakuna anayeweza kuipima diski dukani. Tunategemea jina: mtu mmoja mwenye vifaa na ujuzi huipima, huandika matokeo, na maelfu hununua kwa kuamini kwamba jina lile litawaletea kitu kilekile. Kipuri kikibadilika huku jina likibaki, ushahidi wa mpimaji unaendelea kuuza bidhaa ambayo hakuwahi kuigusa. Huku kwetu anayebeba lawama mara nyingi ni fundi wa kompyuta. Alimshauri mteja mwaka jana akasifiwa. Akamshauri mwingine mwaka huu bidhaa ileile, sasa anaitwa tapeli. Jina lake limechafuliwa na uamuzi uliofanywa kiwandani bila yeye kuambiwa.

Kichaka kikubwa cha kujifichia ni neno dogo lililochapishwa kwenye boksi: hadi. Kasi ya hadi kiasi fulani haivunjwi na diski inayofika huko kwa sekunde chache kisha ikachoka. Mwaka 2014, Kingston V300 ilipohamishiwa chipu za polepole zaidi, kasi iliyotangazwa ilibaki vilevile, na vipimo huru ndivyo vilivyoonyesha pengo. Maadamu boksi linaahidi kilele tu, kila kilicho chini ya kilele kinaweza kupunguzwa bila sentensi hata moja ya tangazo kuwa ya uongo.

Mahakama hazitoshi kulitibu hili. Kesi za WD Red nchini Marekani ziliishia kwenye makubaliano ya dola milioni 2.7, na mnunuzi akatengewa dola 4 au 7 kwa diski kulingana na ukubwa wake. Kiasi hicho hakifikii hata bei ya kebo nzuri, na hakikumgusa aliyenunua diski hiyohiyo Dar es Salaam au Nairobi. Sisi hatukosi sheria za kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Kinachokosekana ni kuzishusha sheria hizo hadi kwenye lebo ya boksi.

Masharti yenyewe ni mepesi. Badiliko lolote linalogusa kasi, uimara au namna ya kuandika data lipewe namba mpya ya modeli inayosomeka nje ya boksi. Boksi liseme wazi kama diski ni CMR au SMR, na kama chipu ni TLC au QLC. Pembeni ya kasi ya kilele iandikwe kasi inayobaki akiba ikijaa. Na atakayenunua bidhaa iliyobadilishwa bila taarifa aruhusiwe kuirudisha na kupewa fedha yake yote, hata kama inafanya kazi. Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, pamoja na mashirika ya viwango ya nchi hizo, TBS na KEBS, zina nafasi ya kuwadai haya waagizaji wakubwa, nao watawadai wenye viwanda. Mtengenezaji akibadilisha vipuri, gharama ya kuongeza herufi moja kwenye namba ya modeli ni yake. Leo gharama ya kukosekana kwa herufi hiyo inalipwa na mwenye data, na huo ndio mzigo ambao wasimamizi wetu wanapaswa kuurudisha kwa mwenyewe.