Daftari la Wiki: Demani

Demani ni kipindi ambacho kusi, baada ya kuvuma kwa nguvu tangu Aprili, hulegea hadi kuwa upepo mwanana unaojaza tanga bila kulipasua. Katika mwambao wa Kilwa huanza takriban Agosti, kipupwe kinapokwisha, na huendelea hadi Oktoba, kabla ya vuli. Ulaya miti huchipua Machi na Aprili, baada ya theluji. Pande, katika mwambao huo wa Kilwa, iliyo karibu na nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, haijui theluji, na siku yake ndefu kuliko zote huizidi ile fupi kwa saa moja hivi tu. Lakini kuchipua kupo, na nafasi ya kupumua ipo. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, usiku bado una ubaridi kidogo. Ufuta umeshauzwa, na korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Mwili uliochoshwa na shamba na chombo hupata siku chache za kujirudishia nguvu, na karibu kila kinachohitajika kwa kazi hiyo hakiuzwi dukani.

*

Mtoto wa Pande anaweza kumaliza shule akiwa ameona picha za theluji na asiwe amesomeshwa hata mara moja kalenda ya pepo ambayo babu yake aliitumia kujua siku ya kutoka baharini. Hilo ni kosa, na linarekebishika kwa somo moja la jiografia.

*

Kutazama miombo ndiyo burudani nyepesi kuliko zote za majira haya. Nyuma ya mwambao, kuelekea bara, miti ya miombo hutoa majani mapya wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, wakati udongo ungali mkavu na nyasi zimeungua. Huweza kufanya hivyo kwa sababu mizizi yake huzama chini sana na shina huhifadhi maji. Majani machanga hayatoki ya kijani: hutoka mekundu, ya rangi ya shaba, mengine ya waridi, na baada ya siku kadhaa ndipo hugeuka kijani. Rangi hiyo hulikinga jani laini na jua kali. Msafiri anayepita barabara ya Lindi mwezi Septemba huuona msitu mzima ukiwaka, na aghalabu basi halipunguzi mwendo.

Misitu hii haikubaki kwa bahati. Vijiji kadhaa vya Kilwa vilikabidhiwa misitu yao kisheria, na mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, vikiwa vya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii. Mti uliovileta vijiji hivyo mezani ni mpingo, ambao mbao zake hutengenezewa zumari za Ulaya. Faida ya mandhari hupatikana bure juu ya faida ya mbao.

*

Dafu lililoangushwa asubuhi na kunywewa chini ya mnazi wake halina mshindani wa kiwandani.

*

Kuoga baharini ndiyo burudani kuu ya demani, na katika pwani hii ina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, alijenga jumba la Husuni Kubwa ukingoni mwa mwamba, Kilwa Kisiwani. Ndani ya jumba hilo lenye vyumba zaidi ya 100 kuna bwawa la kuogea la pembe nane. Lilifukuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick na wenzake miaka ya 1960, na bado linaonekana. Mahali pake pamechaguliwa kwa akili: juu ya mwamba, upepo wa bahari hupita bila kizuizi, na bahari yenyewe iko chini tu. Bwawa la namna hiyo halijijazi. Maji yake yalichotwa na kumiminwa kwa mikono, na ni vigumu kuamini kwamba waliochota ndio waliooga. Mkazi wa Pande anapata yale yale, upepo na maji, bila mtumwa na bila mwamba, mradi ajue saa ya kwenda.

Saa hiyo huamuliwa na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kutoka huzidi mita 3. Katikati ya hizo mbili huwa maji mafu, ambayo hayasogei sana. Katika mwambao huu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hutoka karibu na saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kwa muda wa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua hujigawa vizuri yenyewe: saa nne asubuhi mwamba uko wazi na wanawake wako na mikuki wakitafuta pweza, alasiri bahari imerudi kwa waogaji, tena imepita juu ya mchanga uliochomwa na jua tangu asubuhi, na ukingoni huwa ya uvuguvugu. Nje kidogo, maji ya Agosti na Septemba ni ya nyuzi 25 au 26 tu, wakati Februari na Machi hufika 29 au zaidi. Anayetaka kuburudika kweli aoge demani. Kaskazi ikishakolea, bahari haipozi tena mwili kwa kiasi hicho.

Tahadhari ni chache lakini hazina mbadala. Maji yanapotoka, milango kati ya visiwa huwa na mkondo unaomshinda hata muogeleaji mzoefu, kwa hiyo huogwa maji yakijaa, si yakitoka. Taa hulala mchangani. Anayeburuta miguu humfukuza, anayekanyaga kwa hatua ndefu humkanyaga. Mito ya Mavuji na Matandu si mahali pa kuoga, kwa sababu ya mamba. Na mtoto afundishwe kuogelea akiwa mdogo. Inaumiza kwamba katika vijiji vinavyoishi kwa bahari wapo wasichana wengi wanaokua bila kujua kuelea, ati kwa kuwa watakaa nyumbani, halafu hao hao ndio wanaovushwa kwa mashua kwenda kliniki. Kipindi cha maji matulivu ndicho darasa lililofunguliwa: kina cha kiunoni, mtu mzima pembeni, kanga iliyokazwa vizuri. Hakuna ada.

Kuoga huku pia ni ibada ya mwaka mpya. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa hadi leo mwezi Julai: wanaume hupigana kwa migomba ili kumaliza kinyongo, kibanda cha makuti huchomwa moto, na watu huingia baharini. Asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, ambao Iran huuadhimisha jua linapovuka Ikweta mwezi Machi, yaani mwanzo wa majira ya kuchipua. Sikukuu ya kuchipua ya Uajemi imefikaje katikati ya kipupwe cha Unguja? Jibu liko katika hesabu. Mwaka wa jua wa Waswahili una siku 365 kamili, bila siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Katika karne kumi msogeo huo ni wa miezi minane. Mabaharia na wakulima waliugawa mwaka huo katika miongo ya siku kumi kumi, wakihesabu kuanzia Nairuzi, na kila mwongo ulikuwa na kazi zake: huu wa kupanda, ule wa kuteremsha jahazi. Ni kalenda ile ile isiyofundishwa.

*

Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari za Antaktika kuja kuzalia katika maji ya joto ya Afrika Mashariki. Mvuvi anayetia nyavu mbele ya Kilwa huona moshi wa pumzi yao bila kulipia tiketi.

*

Mabibo huliwa siku ile ile yalipookotwa. Yakilala huchacha.

*

Katikati ya Oktoba jua la adhuhuri husimama juu kabisa ya Kilwa, na nguzo iliyosimama wima haina kivuli chake. Huo ndio wakati wa kupima kama kijiji kimepangwa na mtu mwenye huruma. Mwembe mkubwa hupoza kwa njia mbili: huzuia miale, na majani yake hutoa mvuke unaopunguza joto la hewa. Paa la bati huzuia miale tu, kisha hulirudisha joto kichwani mwa aliyeketi chini yake. Tofauti hiyo inajulikana na kila mama aliyewahi kusubiri zamu ya kliniki.

Hata hivyo ujenzi wa jengo la umma huanza mara nyingi kwa kufyeka kila kilichosimama. Mwembe wa miaka hamsini huanguka kwa nusu siku. Jengo likikamilika hupandwa miashoki, miti iliyonyooka, inayopendeza kwenye picha ya uzinduzi na isiyomfunika hata kuku. Mkungu hukua upesi, huvumilia chumvi na hutandaza matawi yake kama sakafu. Mwarobaini hauombi maji mengi. Mvinje hustahimili mchanga wa pwani. Miche ya aina zote tatu inapatikana, na vuli ndiyo wakati wa kuipanda, kwa hiyo mashimo huchimbwa sasa, demani. Kituo cha basi, shule na zahanati visivyo na kivuli vinamnyima mtu pumziko ambalo lisingemgharimu yeyote shilingi moja, na jambo hilo linastahili hasira.

*

Mbayuwayu kutoka Ulaya hufika kuanzia Oktoba.

*

Kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa. Abiria walilala njiani, wagonjwa wakakwama. Kusini kunakumbuka. Demani inapotajwa kama kipindi cha kupumzika, isisahaulike kwamba ndicho pia kipindi kirefu kuliko vyote cha ardhi kavu, na kalvati isiyowekwa Agosti haitawekwa Aprili. Raha ya mkazi wa Pande ni pamoja na kulala akijua kwamba barabara itakuwepo mvua zikirudi.

*

Maji ya ukwaju yanataka sukari kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Ya ubuyu, yenye vitamini C kwa wingi, yanataka kidogo hata kuliko hayo.

*

Kukaa barazani ni pumziko lenye ujenzi wake. Songo Mnara, kisiwa kilicho mbele ya Pande, kina magofu ya mji uliostawi tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16: misikiti, nyumba za mawe ya matumbawe, zidaka ukutani. Pamoja na Kilwa Kisiwani, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Uliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, walioanza kuuchunguza mwaka 2009, hawakuishia kwenye kuta. Walichimba pia mahali palipoonekana patupu, na wakaonyesha kwamba uwazi ule ulikuwa sehemu ya mpango wa mji: palikuwa na makaburi yaliyozuriwa na viwanja vilivyotumiwa na watu wote. Waliojenga Songo Mnara hawakuziacha nafasi hizo kwa kukosa mawe. Waliona kwamba mji unahitaji mahali pa kukutana nje.

Baraza ya leo inafanya kazi hiyo hiyo kwa udongo na saruji. Jioni ya demani, baada ya alasiri, panatakiwa ubao wa bao, kete, buli la kahawa chungu na kashata. Mchezo mmoja wa wachezaji hodari unaweza kuchukua saa nzima, na watazamaji hushiriki kwa kelele kama wachezaji. Wanawake wana vibaraza vyao vya uani, ambako ukili husukwa na habari hupimwa. Simu inakaribishwa kote huko, lakini haina kazi kubwa. Mtu mpweke aliyefiwa, au kijana asiye na kazi, huketi bila kulazimika kueleza anachotaka. Katika orodha yote ya burudani za majira haya, hii ndiyo isiyotegemea mwezi, upepo wala umri.

*

Anayetaka kwenda Songo Mnara kwanza achukue kibali Kilwa Masoko, kisha apange safari kwa saa ya maji, kwa sababu maji yakitoka chombo hukwama kwenye matope ya mikoko na abiria hushuka kwa miguu. Achukue maji ya kunywa, kofia na chakula. Kuanzia Novemba pepo hubadilika, vuli hunyesha bila taarifa, na safari ndogo za mashua hazitabiriki hadi kaskazi itulie.