Bastola ya shabaha: hesabu risasi kabla ya kuuliza bei

MSOMAJI mmoja wa mtaa wa Makongeni mjini Thika, fundi wa mitambo na baba wa watoto watatu, ameniandikia akitaka ushauri. Anasema tangu alipomwona kwenye runinga yule mzee wa Kituruki, Yusuf Dikeç, akishinda nishani ya fedha katika Olimpiki ya Paris ya 2024, hamu ya kulenga shabaha imemshika na haitaki kumwachilia.

Bila shaka unamkumbuka mzee huyo. Alikuwa na umri wa miaka 51, miwani ya kawaida machoni, mkono mmoja mfukoni, kana kwamba anangoja matatu ya kwenda Juja. Yeye na mwenzake, binti Şevval İlayda Tarhan, waliwapita wengi waliojipamba kwa vifaa vya kila namna.

Swali la fundi wetu ni fupi. Ni bastola gani ya bei nafuu, na ya kaliba ipi, inayomfaa mtu asiye askari wala mwindaji, ambaye haja yake ni kutoboa karatasi tu mwisho wa juma? Anaongeza kuwa kifungua mimba wake, aliye chuoni, naye angependa kujifunza.

Sioni sababu ya kumkemea. Kulenga shabaha ni mchezo kama mingine, na ni wa kale. Lakini kabla ya kumjibu kuhusu bastola, yafaa ajue kwamba ile aliyoiona mkononi mwa Dikeç haikuwa na baruti hata chembe. Ilikuwa bastola ya hewa, ya mtutu wa milimita 4.5, inayorusha kijirisasi kidogo kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwa shabaha, na duara la alama kumi katikati ya karatasi lina upana wa milimita 11.5, yaani kama punje kubwa ya hindi. Basi huhitaji mlio wa kutisha ndipo uwe hodari.

Sasa tuje kwenye kaliba, yaani upana wa mtutu na wa risasi ipitayo humo. Kwa bastola za baruti, fundi wetu atakutana na majina mawili zaidi ya mengine yote. La kwanza ni .22, ambayo ni kama milimita 5.6. Risasi yake ya aina ya Long Rifle ilitoka Marekani mnamo 1887 na mpaka leo ndiyo wanayoanzia wanafunzi wengi wa shabaha duniani. La pili ni milimita 9, aliyoibuni Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo itumiwayo na polisi na majeshi mengi.

Tofauti yake utaihisi kwenye kiganja. Kipande cha risasi kinachoruka kutoka kwa .22 kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Cha milimita 9 hufika gramu 7.5 au 8, na nguvu yake ni zaidi ya mara tatu. Nguvu hiyo haiendi mbele tu, hurudi nyuma pia. Bastola hupiga teke, mkono unaruka, mlio unapasua masikio, na mwanafunzi aliyeanza jana huanza kufumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Akishazoea kufumba macho, kumwachisha tabia hiyo ni kazi ya miezi. Mwenye .22 huona kosa lake na kulirekebisha, kwa kuwa hana woga wa kumshughulisha.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la kaliba ni .22, na silitafuni maneno. Kwa mtu anayetaka kutoboa karatasi tu, milimita 9 ni sawa na kununua lori ili kubebea kikapu cha sokoni.

Na bei je? Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Bastola hununuliwa mara moja, lakini risasi hununuliwa kila siku ya mazoezi. Mtu akifyatua risasi 50 kwa kikao kimoja, na hiyo si nyingi kwa anayejifunza, akaenda mara mbili kwa mwezi, mwaka utakwisha akiwa ametumia risasi 1,200. Huko Marekani, ambako soko lake ni kubwa, risasi ya .22 kwa kawaida hugharimu karibu theluthi moja ya bei ya milimita 9. Kwetu bei hupanda kwa kuwa risasi husafiri mbali kabla ya kutufikia. Isitoshe, si kila duka lenye kibali huweka kila kaliba. Uliza kwanza kama risasi za .22 zinapatikana na mara ngapi, ndipo uulize bei ya bastola. Bastola ya bei rahisi isiyo na risasi ni chuma cha kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Nasikia msomaji akisema, "Lakini mbona kila mtu mwenye leseni ana Ceska?" Ni kweli. Ceska, Jericho na Glock ndiyo majina tunayoyasikia kila siku kwenye habari za polisi. Hilo la Ceska, kwa taarifa yako, halina siri. Ni neno la Kicheki lenye maana ya "ya Kicheki", na limetokana na jina la kiwanda, Česká zbrojovka, kilichoko katika mji wa Uherský Brod. Bastola zake nyingi tunazozisikia ni za milimita 9 na zilibuniwa kwa kazi ya askari. Kiwanda hicho kimewahi pia kutengeneza vifaa vya kuigeuza bastola yake ya CZ 75 ili irushe .22 kwa mazoezi, jambo linaloonyesha kwamba hata wenye milimita 9 hutafuta njia ya kupunguza gharama. Lakini usije ukaagiza kifaa cha namna hiyo bila kibali. Mtutu ni mtutu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sheria, na siwezi kuipita haraka.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimtambui mtu aliyeipenda bastola tu. Anayetoa cheti lazima aridhike kwamba mwombaji ana sababu nzuri ya kumiliki silaha, kwamba si mlevi wa kupindukia, na kwamba ana akili timamu. Cheti chenyewe hutaja silaha na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho. Fundi wetu na asome sentensi hiyo mara mbili. Zile risasi 1,200 nilizozihesabu hapo juu huwezi kuzirundika chini ya kitanda kama magunia ya makaa. Mwishoni mwa 2018, serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, na waliodhani leseni ni ya milele walijikuta kwenye foleni wakieleza upya kwa nini wanaihitaji.

Bastola ya hewa nayo usiidhanie kuwa kitu cha duka la vikaragosi. Kabla hujaagiza kutoka ng'ambo, uliza Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Mzigo wa aina hiyo ukifika uwanja wa ndege bila karatasi zake, hautakuwa mzigo tena bali kesi. Na usiibebe barabarani kamwe, hata ikiwa tupu. Askari wa doria anayekutana na kijana saa mbili usiku pale Kiganjo hawezi kujua kama kilicho mkononi kinarusha hewa au baruti, na hatangoja kuelezwa. Hili nalisema hasa kwa yule mwana wa chuoni.

Ipo pia bei nafuu ya aina nyingine, ile inayonong'onwa kwenye vichochoro. "Kuna mtu ana kitu, anataka pesa za haraka." Msomaji, kimbia. Mbali na kifungo cha miaka mingi kwa kupatikana na silaha bila cheti, hujui chuma hicho kimetoka wapi. Kila bastola huacha alama zake kwenye risasi na kwenye ganda, na wataalamu wa polisi huzilinganisha chini ya hadubini. Damu iliyomwagwa Kayole na mtu usiyemjua inaweza kukufuata mpaka Makongeni, na ushahidi uwe umeufungia kabatini mwako mwenyewe.

Lakini swali linaloniwasha zaidi si la polisi. Ni la nyumba. Fundi wetu ameniambia ana watoto watatu, wa mwisho akiwa darasa la tatu. Sisi wa Thika na Ruiru watoto wetu wamezoea kuziona bunduki, maana tuna kambi ya jeshi huku, na kule Ruiru kuna chuo cha magereza na kikosi cha Recce cha GSU. Mtoto aliyezoea kuona kitu haogopi kukigusa. Nyumba ya vyumba viwili haina mahali pa siri ambapo mtoto wa miaka minane hajapafikia akitafuta sukari.

Sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, risasi zikae mbali na bastola, ufunguo uwe na mtu mmoja: hayo yote ni gharama, na yajumlishwe kwenye ile bei aliyodhani ni nafuu. Akishayajumlisha, pamoja na ada za leseni na za uwanja, ataona kwamba bastola yenyewe ndiyo kipande kidogo cha hesabu. Tena ni mzigo wa kila usiku kwa ajili ya mchezo wa saa mbili kila baada ya wiki mbili. Kwa maoni yangu haulingani na furaha yake. Mwenye hofu ya majambazi ana hoja nyingine, ya kujadiliwa siku nyingine, na asiifiche ndani ya hoja ya mchezo.

Basi afanyeje? Aache kutafuta bastola, atafute uwanja. Tena haupo mbali. Kirigiti, karibu na mji wa Kiambu, kuna uwanja wa shabaha ambao mnamo 2022 ulipokea walengaji wa bastola katika mashindano ya Afrika ya IDPA. Kutoka Thika unashuka Ruiru na kushika barabara ya Kiambu. Apige simu kabla ya kwenda, aulize kama wasio wanachama hupokewa, kama kuna mwalimu, kama wana .22 au bastola ya hewa za kufundishia, na kijana wa umri gani huruhusiwa kufyatua akiwa na mzazi. Aulize pia bei ya risasi za kutumia hapo hapo, maana risasi iliyobaki uwanjani hailali nyumbani kwake.

Akifika, ajue mambo ambayo mwalimu yeyote anayejiheshimu atayarudia mpaka achoke. Kila bastola ichukuliwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu usichokusudia kukipiga. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe kwenye shabaha. Na ujue kilicho nyuma ya shabaha, kwa sababu hata hiyo .22 tunayoiita ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Ndiyo maana mambo ya kupanga mikebe kwenye shamba la mjomba kule Gatanga ni hatari. Nyuma ya ule mstari wa migomba kuna mtu anayechuma majani ya chai.

Vizibo vya masikio na miwani ya kinga si mapambo. Vilevile, akitoka uwanjani anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au kumbeba mtoto, na nguo zile zifuliwe kando. Madini ya risasi, yaliyoipa kitu hicho jina lake katika Kiswahili, huacha vumbi lenye sumu, na watoto wadogo ndio linaowadhuru zaidi.

Kwa kijana wa chuo mwenye mfuko mwepesi, ipo pia njia ya upinde. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mnamo 2016, hakuwa mwanariadha wa mbio bali mlenga mishale. Na kuvuka kidogo tu kuelekea Yatta, atawakuta wazee wa Kikamba ambao kwao upinde haukuwa mchezo. Kutuliza pumzi, kusimama imara na kuachilia bila kushtuka ni mambo yale yale, uwe na upinde au bastola.

Fundi wa Makongeni, nenda mara tatu kabla ya kuamua lolote. Mara ya kwanza kila kitu kitakupendeza, kwa hivyo hiyo usiihesabu. Ukirudi ya tatu bado ukitamani, niandikie tena, uniambie ulipiga ngapi kati ya 50 na kijana alipiga ngapi.